Kuachana bila kutupana



Wiki chache zilizopita nililetewa barua katika bahasha ya kaki. Ilikuwa imechapwa vizuri, na chini yake kulikuwa na saini 14. Waimbaji 14 wa kwaya ya kigango kimoja huku kwetu, kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, walikuwa wananiarifu kwamba wamejitoa katika kwaya na wanaomba kibali cha kuanzisha nyingine. Saini ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, mtu yule yule aliyeianzisha miaka mingi nyuma akiwa na waimbaji sita na ngoma moja.

Sababu zao sitaziandika gazetini. Kuna kinanda, kuna sare, na kuna fedha za kurekodi video. Ikiwa umewahi kukaa kwenye kamati ya kwaya unazijua bila mimi kuzitaja, na ikiwa hujawahi, mshukuru Mungu.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa na shughuli Mikumi mjini. Nikipita pale malori yanapolala, nikasikia kelele kutoka kibanda umiza. Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Nikachungulia, maana na mimi ni mtu. Kwenye benchi la mbele walikaa wanaume wawili bega kwa bega, mmoja na jezi nyekundu, mwingine na jezi ya kijani, wakigombea karanga kwenye karatasi moja. Aliyevaa nyekundu alikuwa mmoja wa wale 14. Mwenzake ni sauti ya nne katika kwaya waliyoihama. Kanisani hawasalimiani. Wakati wa kupeana amani mmoja hugeukia ukutani.

Nilirudi nyumbani usiku nikiwa na swali moja. Kwa nini watu hawa wameweza kugawanyika kwa ajili ya mpira na wakabaki kula karanga pamoja, lakini kugawanyika kwa ajili ya nyimbo za Mungu kumewashinda?

Basi leo nivumilie, nizungumze mpira kidogo.

Huku Mikumi simba si jina la timu kwanza. Hifadhi yetu ipo tangu 1964, na wazee hupenda kuwacheka watu wa Kariakoo kwamba wamejipa jina la mnyama ambaye hawajawahi kumsikia akinguruma usiku. Lakini vijana wengi hawajui kwamba hata watu wa Kariakoo wenyewe hawakuanza na jina hilo. Lilikuja mwaka 1971. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza aliyeandikwa kwenye vitabu ni Sunderland, na mwaka uliofuata akaandikwa Sunderland tena. Hao ndio Simba wa leo. Walikuwa wamejiita kwa jina la klabu ya Uingereza.

Sunderland yenyewe ni mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza, na zamani ulikuwa mji wa makaa ya mawe na wa kuunda meli. Klabu yake inahesabu umri tangu 1879. Aliyeianzisha hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule, Mskoti aitwaye James Allan, na timu ilikuwa ya walimu tu, kama jina lake la kwanza lilivyosema: chama cha soka cha walimu wa Sunderland na wilaya yake. Walimu ni walimu popote. Haukupita muda mrefu fedha zikawa shida, na mwaka 1880 wakafungua mlango kwa wasio walimu.

Mlango ukishafunguliwa huwezi kuchagua nani aingie. Wakaja wenye fedha, wakaja wachezaji hodari kutoka Scotland, na likaja suala la malipo. Chama cha soka cha Uingereza kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885, lakini kwa masharti, na katika msimu wa 1887 hadi 1888 Sunderland waliondolewa kwenye Kombe la FA kwa sababu ya malipo ya Waskoti watatu. Katika mvutano ule, mwaka 1888, James Allan alitoka. Mwanzilishi mwenyewe akaondoka na baadhi ya wachezaji, akaunda timu nyingine katika mji ule ule, ikaitwa Sunderland Albion.

Nilipofika hapa katika habari hii nilisimama, nikaitazama tena ile saini ya kwanza kwenye bahasha ya kaki.

Kilichofuata kinasikitisha. Timu hizi mbili zilipopangwa kukutana mashindanoni, Sunderland walijitoa, ili mahasimu wao wasipate mgawo wa kiingilio. Fikiria, ndugu msomaji: mtu anakubali kulikosa kombe, mradi jirani asipate hela ya mlangoni. Watu wa mji walitaka kuwaona wakicheza, hivyo wakakubaliana mechi za kirafiki. Urafiki ulikuwa kwenye jina tu. Masimulizi ya mji ule yanasema kwamba baada ya mojawapo ya mechi hizo, mapema 1889, mashabiki waliwarushia mawe watu wa Albion wakiwa garini mwao, na mwalimu Allan akaumizwa jicho. Mashabiki wa timu aliyoizaa yeye!

Albion ilikufa mwaka 1892. Mwaka huo huo Sunderland wakawa mabingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza, wakarudia 1893 na 1895. Huwa najiuliza mwalimu yule alikuwa anazisikiaje zile shangwe.

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam, mwaka 1935, vijana wa Kiafrika waliunda Young Africans, ambao sisi tunawaita Yanga. Haukupita muda wakakosana, na mwaka 1936 kundi likajitenga. Timu iliyojitenga ilibadili majina kama mtu anayetafuta shati linalomkaa. Ilikuwa Queens, ikawa Eagles, kisha ikatulia kwenye Sunderland. Miaka ile Sunderland ya Uingereza ilikuwa inang'ara: ubingwa wa ligi mwaka 1936, Kombe la FA mwaka 1937. Jina lilivuka bahari likiwa na sifa zake.

Ukitazama kwa juu, habari ni ile ile. Timu moja, ugomvi, kundi linatoka, mji mmoja unakuwa na mahasimu wawili. Lakini Dar es Salaam haikwenda njia ya kule. Hakuna kati ya hizo mbili aliyekufa, na hakuna aliyekataa kucheza na mwenzake maisha yote. Yanga walimfunga mwenzao mabao 5 kwa 0 mwaka 1968, Simba wakalipa 6 kwa 0 mwaka 1977, na hadi leo kuna babu wa Yanga hapa Kilosa ambaye ukimtajia 1977 anaomba maji ya kunywa. Hata Yanga walipogawanyika tena miaka ya sabini na wengine wakaenda kuunda Pan African, ambayo ilitwaa ubingwa mwaka 1982, wazee wa pande zote mbili waliendelea kuzikana.

Neno tunalolitumia kwa Simba na Yanga ni watani wa jadi. Tunalisema kila siku bila kulisikia. Waingereza wana mahasimu. Sisi tulikuwa na chombo ambacho wao hawakuwa nacho, tukakichukua kwa babu zetu, tukakipeleka uwanjani.

Utani si mzaha tu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Waliomwaga damu walifika mahali wakasema: ugomvi wetu hatutausahau, lakini tuugeuze maneno. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua kofia yako na kwenda nayo. Lakini siku ukifa, mtani ndiye anakuja mapema. Anachekesha waliokaa matangani, analizuia jeneza mpaka apewe chochote, anaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, na mkono wa jembe makaburini ni wake pia. Huku kwetu, ambako Wakaguru, Wasagara na Wavidunda walipokea watu wa kila kabila waliokuja na misafara, na reli, na mashamba ya mkonge, sijui tungeishije bila chombo hicho.

Na mahali ambapo chombo hicho hakikufika tunapajua. Desemba ya mwaka 2000, Rudewa Mbuyuni, hapa hapa wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Sitaki kulinganisha kwaya na msiba ule. Ninalosema ni kwamba ugomvi wa mifugo na mashamba ulikuwepo siku nyingi kabla ya siku ile, ukikua kimya kimya kati ya watu walioachana kusalimiana.

Wapenzi wa Maandiko watakuwa wameshanitangulia. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kina ugomvi wa namna hiyo hiyo. Wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Loti waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha na mifugo yao. Abramu alikuwa mkubwa kwa umri na kwa heshima, naye ndiye aliyeahidiwa nchi. Angeweza kuitisha kikao na kuamuru umoja. Hakufanya hivyo. Alimwambia kijana achague kwanza upande anaoutaka, yeye atachukua utakaobaki. Loti akachagua bonde lenye maji, kama ambavyo wewe na mimi tungechagua. Wakaachana.

Wengi tunaishia hapo. Tugeuze ukurasa, sura ya 14. Loti ametekwa katika vita vya wafalme, pamoja na mali yake. Habari inamfikia Abramu. Hakusema, "Alichagua mwenyewe." Alichukua watu 318 wa nyumbani kwake, akawafuatia maadui usiku mpaka mbali sana kaskazini, akamrudisha Loti na watu wake na mali yote. Nadhani hakuna mahali pengine katika Biblia panaponionyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kuachana na kutupana.

Luka naye hakuficha kwamba Paulo na Barnaba waligombana vikali kwa ajili ya Marko, hata wakatengana. Ipo katika Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya 15. Barnaba alimchukua Marko wakasafiri kwenda Kupro, Paulo akamchukua Sila wakaenda njia nyingine. Hatusomi popote kwamba walisafiri tena pamoja. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni na karibu wote wamemwacha, anaomba aletewe mtu mmoja kwa sababu anamfaa katika kazi. Mtu huyo ni Marko.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, na ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Nilipopewa parokia kwa mara ya kwanza nilikuwa kijana, na nilikuwa najua kila kitu. Mahali penyewe sitapataja. Huko nako kwaya iligawanyika. Waimbaji tisa walikuja kwangu kuomba waanzishe kwaya yao. Jumapili iliyofuata nilisimama altareni na kusema kwamba katika parokia yangu kwaya ni moja, asiyeitaka akakae kwenye mabenchi. Nikawasomea sala ya Bwana wetu katika Yohane 17, pale anapoomba kwamba wafuasi wake wawe kitu kimoja. Niliishika sala ile kama fimbo. Kanisa zima lilinyamaza, nami nikadhani nimeshinda.

Wale tisa walikaa kwenye mabenchi, kweli. Walikaa kama mwezi mmoja, kisha mabenchi nayo yakabaki wazi.

Baada ya miaka mitatu mmoja wao alifariki. Alikuwa mama wa sauti ya kwanza, sauti ya kukufanya usahau mahubiri. Kwenye mazishi kwaya rasmi ilikuja na sare zake, ikaimba. Wale wanane walikuja pia. Walisimama ng'ambo, chini ya mwembe, midomo imefungwa, kwa sababu hakuna aliyewaita, na mimi niliyekuwa na maikrofoni sikuwaita. Walikuwa wameimba naye miaka kumi. Nyimbo zile zile alizozipenda ziliimbwa na watu ambao walikuwa hawasemi naye, na waliompenda walizisikiliza wakiwa kivulini. Tulipomaliza, binti yake akaniuliza, "Baba, kwa nini wenzake hawakumwimbia mama?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto yule. Kwa James Allan walirusha mawe. Mimi nilitumia Injili.

Ndiyo maana safari hii, bahasha ya kaki ilipokuja, sikukimbilia altareni. Niliwaita wote, 14 na waliobaki, tukakaa chini ya paa la ofisi ya kigango kwa saa nne. Sikuwaomba wapatane. Nilikuwa nimeshaona kwamba mapatano ya siku ile yangekuwa ya kunifurahisha mimi, na yangevunjika kabla gari langu halijafika lami. Nikawaambia kibali nitatoa, kwaya ya pili ianze. Lakini akifa mtu wa upande wowote, au mzazi wake, au mtoto wake, kwaya zote mbili zitaimba, na itakayofiwa ndiyo itachagua nyimbo. Kinanda kitabaki kwa kwaya ya zamani, ila Jumapili ambayo mpya inaimba, mpiga kinanda wa zamani ndiye atakayekibeba kukileta, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Hilo la kinanda lilichukua saa moja na nusu peke yake.

Najua nitalaumiwa, na nimeshaanza kulaumiwa. Mzee mmoja wa halmashauri ya walei, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba padri amebariki ugomvi, na kwamba mwaka kesho kila kigango kitakuwa na kwaya nne. Yawezekana ana haki. Mgawanyiko una utamu wake, na anayeuonja mara moja huweza kuurudia. Wala sisemi kwamba mashabiki wa mpira ni malaika wa kuigwa. Nimewahi kumzika kijana aliyechomwa kisu kwa ubishi wa goli, na kila wiki nasikia habari za wanaouza hata godoro kwa ajili ya kubeti. Tena Kanisa si timu. Tuna meza moja, na kikombe kimoja, na hapo hakuna nyekundu wala kijani.

Ila nilimuuliza mzee wangu swali, nakuuliza na wewe uliyesoma mpaka hapa kabla hujaondoka kwenda misa, au umeshatoka na uko mezani na chai. Katika jumuiya yako, katika kwaya yako, kati yako na yule ndugu mliyegombania kiwanja, ni nani ambaye mliachana naye na hukumwona tena? Simwulizi yule mliyekosana naye, maana kukosana tutakosana mpaka mwisho wa dunia. Namwulizia yule ambaye akiugua leo utazisikia habari zake kwa watu wengine. Umebaki na njia gani ya kumfikia? Wazee wetu walibaki na utani. Abramu alibaki na watu 318 walio tayari kuondoka usiku. Sisi tunaopeana amani kila Jumapili kwa kushikana mikono tumebaki na nini?

Mzee hakunijibu siku ile. Alichukua kofia yake akaenda. Siku ya pili alinipigia simu kunikumbusha kwamba yeye na mwenyekiti wa kigango kile ni watani, mmoja Msukuma na mwingine Mzaramo, na kwamba kama kuna safari ya kwenda huko angependa kuwemo kwenye gari. Sikumwuliza kwa nini.

Jumapili ijayo kwaya mpya inaimba misa ya pili kwa mara ya kwanza. Niliiomba kwaya ya zamani iwaandalie wenzao chai baada ya misa, nikitegemea kukataliwa. Mwenyekiti wao alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akasema watapika. Chai, maandazi, na mihogo ya kuchemsha. Ila akaniomba niwafikishie ujumbe wale 14: sukari wataikuta mezani, lakini waionje kwanza, kwa sababu yeye hawezi kuahidi kwamba si chumvi.

Niliufikisha. Mwalimu wa kwaya alicheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu ile barua, akasema basi watakuja na sukari yao mfukoni.